Nani Anakuletea Orodha ya Vyuo?

Kila mwaka matokeo ya S.6 yakitoka, simu zetu zinajaa. Huyu ametuma linki ya skolashipu ya Uturuki, yule ya Kanada, mwingine amepiga picha tangazo la chuo fulani hapa mjini. Kwenye grupu moja tu ya WhatsApp ya vijana wa Nsambya unaweza kukuta nafasi kumi kwa siku. Kijana anasoma, anachagua moja, anaanza kuhangaika na fomu. Sisi tunasema amechagua mwenyewe. Lakini kabla yeye hajachagua, kuna mtu aliyeshachagua vyuo gani vimfikie na vipi visimfikie.

Ninaposema huduma ya kutafuta chuo, sina maana ya tovuti peke yake. Mwalimu mkuu anayepeleka majina, padri anayejua chuo cha ng'ambo, gazeti, ofisi ya shirika, ajenti wa mtaani, grupu ya WhatsApp: hao wote wanafanya kazi ileile. Wanakuletea orodha. Na ukifuata historia ya orodha hizo hapa Uganda na kwa majirani, unaona jambo moja linarudi kila kizazi. Mtu huomba kule alikoonyeshwa, tena huomba pale tu ambapo kuna mtu wa kumsaidia kumaliza safari ya fomu. Hili si jambo dogo kwetu wakimbizi, kwa sababu mwaka ukipita bila kuomba, mara nyingi haurudi.

Mlango mmoja juu ya kilima

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umekanika. Polepole ikakua. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikasimama peke yake.

Miaka ile ya mwanzo hakuna kijana aliyejiuliza aombe wapi. Kwa Afrika Mashariki nzima, elimu ya juu kwa Mwafrika ilikuwa hapo juu ya kilima, basi. Swali lilikuwa moja tu: mwalimu wako anaijua Makerere au haijui? Kama ulisoma Budo, Kisubi au Namilyango hapa Uganda, Alliance kule Kenya au Tabora kule Tanganyika, mwalimu mkuu aliujua mtihani, aliwajua wazungu wa chuo, alijua barua inaandikwaje. Julius Nyerere alitoka Tabora akafika Makerere mwaka 1943. Kijana mwenye akili kama yake aliyesoma shule ndogo ya misheni porini, ambako hakuna aliyewahi kupeleka mtu Makerere, hakukataliwa na chuo. Hakuomba kabisa.

Wasichana ndio walikuwa mbali zaidi. Wa kwanza waliingia mwaka 1945, walikuwa sita. Mmoja wao, Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye tulimjua kama Sarah Ntiro, alitaka kusoma hisabati. Mwalimu wa somo hilo hakutaka kumfundisha mwanamke, ikabidi achukue masomo mengine. Hakukata tamaa, akaendelea mpaka Oxford. Ninamtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwamba kuwa na jina la chuo mkononi ni hatua ya kwanza tu. Unaweza kuonyeshwa mlango, ukafika, ukakuta ndani kuna mtu ameusimamia.

Barua na ndege

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Makerere haikuweza kuchukua vijana wote waliokuwa wamemaliza shule, na uhuru ulikuwa unakaribia. Nani angekuwa daktari, injinia, mkurugenzi? Tom Mboya wa Kenya alizunguka Marekani mwaka 1959 akiomba vyuo vitoe nafasi na watu wa kawaida watoe nauli. Septemba mwaka huohuo ndege ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mpango ulipanuka hadi nchi nyingine, Uganda na Tanganyika zikiwemo, na familia ya Kennedy ikachangia fedha. Hadi mwaka 1963 walikuwa wameenda karibu wanafunzi 800.

Watu hukumbuka ndege. Mimi ninapenda kukumbuka kazi iliyofanyika kabla ya ndege. Mwanafunzi alitakiwa kwanza awe na chuo kilichomkubali. Sasa kijana wa Kisumu au wa Nyeri angejuaje vyuo vya Kansas? Alihitaji mtu. Daktari Julius Kiano, aliyekuwa amesoma Marekani na kurudi na shahada ya uzamivu, aliwaelekeza vijana wengi. Barack Obama, baba yake yule Rais, hakuwemo kwenye ndege ya 1959. Yeye aliandika barua kwa vyuo vingi, akisaidiwa na wanawake Wamarekani waliokuwa Nairobi, mmoja wao Elizabeth Mooney aliyekuwa akifanya kazi ya kisomo cha watu wazima. Hawaii wakamkubali. Wangari Maathai, aliyesoma kwa masista wa Loreto kule Limuru, alipata nafasi mwaka 1960 kupitia kanisa Katoliki, akaenda chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Angalia basi: mmoja alifika kisiwani Hawaii, mwingine kwenye chuo cha masista, na njia ya kila mmoja inafuata mtu aliyemsaidia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ililalamika kwamba baadhi ya vyuo hivyo vya Marekani ni vidogo na havina ubora. Malalamiko hayo yalikuwa na siasa ndani yake, lakini lilikuwepo pia swali la haki: kijana aliyepewa jina la chuo kimoja tu atajuaje kama ni kizuri?

Orodha za mkimbizi

Mkimbizi ana historia yake ndani ya historia hii. Miaka ya 1960 Afrika ilijaa watu waliokimbia, kutoka Rwanda, Sudan, Kongo, Msumbiji, Angola. Baada ya mkutano wa Addis Ababa wa mwaka 1967, umoja wa nchi za Afrika, OAU, ulianzisha mwaka 1968 ofisi ya kuwatafutia wakimbizi shule na kazi. Kwa maneno ya leo, ilikuwa huduma ya kutafuta vyuo ya bara zima. Wazo lilikuwa zuri. Udhaifu wake ulikuwa kwamba ofisi ya Addis haikuwa na vyuo vyake. Ilitegemea kila nchi ikubali kufungua viti na kutoa vibali. Inaweza kukupeleka mpaka mlangoni, lakini ufunguo uko kwa mwingine.

Wengine walianza kidogo kidogo. Hugh Pilkington, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaona wanafunzi wakimbizi, pamoja na Waganda waliomkimbia Amin, wakikosa karo. Alianza kuwasaidia kwa mali yake, na mwaka 1977 akaunda mfuko. Alifariki mwaka 1986, na kazi yake ndiyo iliyokuja kuitwa Windle. Ndiyo, hii Windle ambayo jina lake kila kijana wa Nakivale au Kyangwali analijua. Mwaka 1978 shirika la WUSC la Kanada likaanza mpango wa wanafunzi wa Kanada kuchangia ili mkimbizi aje kusoma nao. Zaidi ya wakimbizi 2,000 wamepita njia hiyo. Mwaka 1992 serikali ya Ujerumani na UNHCR wakaanzisha DAFI, ambayo humlipia mkimbizi asome katika nchi aliyopo.

Mipango hii imebadilisha maisha ya watu, na wengine ninawajua kwa sura. Lakini imejenga pia tabia moja kati yetu. Kwa kuwa orodha inayomfikia mkimbizi ni ya skolashipu, amezoea kufikiri kwamba chuo na skolashipu ni kitu kimoja. Muulize kijana wa hapa Kampala aliyemaliza S.6, "Umeomba wapi?" Atakujibu, "Nangojea DAFI." Ukimuuliza chuo gani na kozi gani, hajui. Hajawahi kuona ukurasa wa chuo chochote. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na ana haki ya kungoja. Tatizo ni kwamba anangoja mlango mmoja akiwa amezungukwa na mingine.

Mji wenye vyuo kila kona

Maana wakati sisi tunangoja, Uganda yenyewe ilibadilika. Mwaka 1988 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, mwaka 1989 Mbarara, mwaka 1993 Uganda Martyrs kule Nkozi, mwaka 1997 UCU Mukono, mwaka 2001 KIU pale Kansanga. Makerere nayo ilianza miaka ya 1990 kuwapokea wanaojilipia. Ghafla mwanafunzi akawa mteja. Vyuo vikaanza kumtafuta yeye: matangazo kwenye New Vision na Monitor, redioni, kwenye mabango, mpaka kwenye mataksi.

Palipo na wauzaji wengi lazima pawe na mpimaji. Sheria ya mwaka 2001 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ambalo linakagua vyuo na kozi na kutoa orodha ya vilivyokubaliwa. Hii ndiyo orodha isiyouza kitu, na ndiyo ambayo vijana wetu wachache sana wameifungua. Lakini hata yenyewe ina nguvu ya kutisha. Mwezi Mei 2023 watu walifungua tovuti ya Baraza wakakuta kozi nyingi, hata za vyuo vikubwa, zimeandikwa kwamba muda wake umekwisha. Nchi nzima ikashtuka. Wazazi walipiga simu, waliohitimu wakaogopa vyeti vyao ni karatasi tupu. Ikabidi Baraza lieleze kwamba aliyesajiliwa kozi ikiwa halali hapotezi shahada yake. Neno moja kwenye orodha, bila maelezo, lilitosha kuwatikisa watu.

Kwa mkimbizi kuna ukurasa ambao orodha nyingi zimeuacha: ule wa vyeti. Kijana anafika Kampala na Diplôme d'État yake ya Kongo. Tangazo la chuo linasema lete S.4 na S.6. Anasoma, anaona yeye hahusiki, anafunga simu. Wengine wamerudi kukaa darasa la S.5 na watoto, miaka miwili na karo juu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba UNEB ina utaratibu wa kulinganisha vyeti vya sekondari vya nje na vya Uganda, na NCHE ina wake kwa vyeti vya vyuo. Utaratibu huo una gharama na unahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, lakini upo. Mstari mmoja tu kwenye tangazo ungemwokolea mtu miaka miwili.

Karo nayo ni hivyohivyo. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Kwa elimu ya juu hasimami sawa na raia, na kila chuo kina utaratibu wake wa nani analipa kiwango cha ndani na nani cha mgeni. Tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kusoma na kukaa nyumbani. Orodha isiyosema karo ya mkimbizi haijamsaidia mkimbizi.

Simu inapokutafuta wewe

Marekani wamelipima jambo hili kwa hesabu. Mwaka 2013 wachumi wawili, Caroline Hoxby na Sarah Turner, walieleza jaribio lao: walitumia barua kwa wanafunzi maskini wenye alama za juu, zikieleza vyuo vinavyowafaa, gharama halisi baada ya msaada, pamoja na karatasi ya kusamehewa ada ya kuomba. Kila mwanafunzi aligharimu kama dola 6 hivi. Waliopata barua waliomba vyuo vingi zaidi na wakakubaliwa zaidi. Watu wakafurahi: kumbe tatizo lilikuwa habari tu! Lakini shirika la College Board lilipofanya jambo linalofanana na hilo kwa wanafunzi wengi zaidi nchi nzima, mabadiliko hayakuonekana. Karatasi ileile inaweza kumsukuma huyu na kumpita yule.

Shirika hilohilo, ambalo ndilo lenye mtihani wa SAT, lina huduma tangu miaka ya 1970 ambapo mwanafunzi akikubali, jina lake na habari zake hupewa vyuo kwa malipo, kisha vyuo vinamwandikia. Watafiti, wengine wao wafanyakazi wa shirika lenyewe, walikuta kwamba walioingia katika huduma hiyo walielekea zaidi kwenda vyuo vya miaka minne, hasa watoto wa familia ambazo hazijasoma. Kuandikiwa na chuo kunampa mtu moyo. Lakini mwaka 2024 College Board ilikubali kulipa dola 750,000 katika jimbo la New York, kwa sababu ya kutumia kibiashara habari za wanafunzi zilizokusanywa kwenye mitihani ya shuleni.

Mtu wa Nakivale ataniuliza, hiyo inanihusu nini? Inakuhusu kila unapojaza fomu ya bure kwenye simu: jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi uliyokimbia, namba ya kitambulisho cha mkimbizi. Kuna tovuti inayokutafutia chuo na kuna tovuti inayokutafuta wewe, na kwa macho zinafanana. Mkimbizi ana sababu zaidi ya mtu yeyote ya kuuliza habari zake zinaenda wapi. Na ajenti anayeomba "pesa ya kuprosesi" ili akupeleke kwenye skolashipu ya UNHCR, huyo mkimbie, maana huduma za UNHCR hazilipiwi. UNHCR ina tovuti yake ya nafasi za masomo iliyokwisha kuzikagua. Anzia hapo.

Tufanye nini na orodha

Mwaka 2019 UNHCR na washirika wake waliweka lengo: ifikapo 2030, asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe katika elimu ya juu. Wakati ule walikuwa asilimia 3. Ripoti ya mwaka 2024 inasema 7. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, kwa hiyo sehemu kubwa ya hesabu hiyo itaamuliwa hapa kwetu.

Kwa wafanyakazi wa mashirika ninaomba mambo matatu. Kwanza, tangazo litoke mapema. Tangazo linalobandikwa ukutani wiki moja kabla ya mwisho ni la watu wa mjini wenye simu na umeme. La Kyaka II au Rwamwanja limekufa kabla ya kusomwa. Pili, kwenye karatasi ileile ya skolashipu wekeni vyuo vya hapa na vyuo vya ufundi, karo kwa mkimbizi, na njia ya UNEB na NCHE, kwa Kiswahili na Kifaransa pia. Tatu, wekeni mtu, hata siku moja kwa wiki. Kiano na Mooney hawakugawa vipeperushi. Walikaa na kijana mpaka barua ikaisha. Vijana wa Kongo walioanzisha YARID hapa Kampala mwaka 2007 walianza kwa kukaa na wenzao na kufundishana, na hiyo kazi haihitaji jengo kubwa.

Kwa vijana wenzangu: usiombe sehemu moja. Ukingojea DAFI, ngoja ukiwa na chuo na kozi uliyoichagua, vyeti vikiwa vimeshalinganishwa, maana hata skolashipu ikija leo itakuuliza hivyo. Fungua orodha ya NCHE kabla ya kumlipa mtu yeyote. Uliza karo ya mkimbizi kwenye ofisi ya chuo chenyewe, si kwa ajenti. Na ukipata nafasi, rudi uwaeleze wadogo zako ulipita wapi, ulilipa nini, ulikwama wapi. Wazazi nao wasikilize hapo, kwa sababu msichana mara nyingi anaachwa nje ya grupu ambamo kaka yake anapata hizo linki.

Kuna daftari moja ninalolipendekeza kwa kila kituo cha vijana, Kampala na kambini: kila aliyeomba mwaka huu aandike chuo, kozi, tarehe, gharama na jibu alilopata, hata kama jibu ni hapana. Jina si lazima. Miaka mitano hivi tutakuwa na orodha yetu, iliyoandikwa na watu waliopita njia yenyewe.